Kapiga hom rani, muacheni azunguke

Kwa ambao hamjawahi kuicheza, softiboli (ndugu ya besiboli, unapiga mpira kwa gongo halafu unakimbia) ya ligi za kujifurahisha huku Marekani ni ile ya mpira wa taratibu, unarushwa juu unashuka kwa tao mbele ya mpigaji, na wachezaji wenyewe ni watu wametoka kazini, wengine kitambi kinafika besi (vile vituo vinne vya kugusa uwanjani) kabla yao. Mpira ukivuka fensi bila kudunda, basi, hom rani. Sasa kwenye besiboli ya kwenye TV mpigaji lazima azunguke, aguse ya kwanza, ya pili, ya tatu, arudi hom, pale alipopigia mpira. Huku kwetu kwenye mpira wa taratibu, kwa sheria za USA Softball, chama cha mchezo huu, hulazimiki kuzunguka, pointi yako inahesabiwa na za wenzako waliokuwa kwenye besi pia, mnaenda zenu kukaa benchi.

Na sheria hiyo mi naiunga mkono, tusielewane vibaya. Uwanja ni wa manispaa, mechi ina muda wake, kuna timu mbili zingine zimesimama pembeni zinasubiri ziingie, halafu kuna jamaa ambaye hom rani kwake ni kitu cha kila wiki anataka atembee kwa madaha futi 260 huku akiangalia nani anamrekodi. Kaa chini bwana. Tena inapunguza kelele maana pale ambapo kugusa besi ni lazima, wapinzani kazi yao inakuwa kuangalia miguu, ukiipita besi ya pili bila kuigusa hata kwa bahati mbaya wanakata rufaa kwa refa na unatolewa. Hata mapro, wachezaji wa kulipwa, kutomaliza mzunguko kumewagharimu, Robin Ventura wa timu ya besiboli ya Mets, Oktoba 1999, mechi na Braves imefika iningi (raundi) ya 15, besi zote zimejaa, kaupeleka mpira nje ya fensi, wenzake wakamrukia kwa furaha kabla hajafika besi ya pili na safari ikaishia hapo hapo. Ikaandikwa singo, yaani pigo la besi moja tu, 4-3, badala ya 7-3.

Kinachonikera ni kwamba "si lazima" sa hivi imegeuka "usithubutu". Kuna jamaa wa timu yetu, mpira wake siku zote ni wa chini chini, anaishi kwa kukimbia. Siku hiyo akaupata katikati ya gongo kabisa, na kwa sababu hajazoea kuangalia juu akainamisha kichwa akakimbia kama kawaida yake, amepita besi ya kwanza ndo anasikia benchi la wapinzani wanapiga kelele kaa chini, kaa chini, refa naye keshatoa mpira mwingine mfukoni kampa mrushaji. Jamaa akasimama katikati ya njia, akageuka, akakatiza uwanja kurudi kwetu huku anafuta mikono kwenye suruali. Yaani hom rani ya kwanza ya maisha yake na hata besi ya pili hajaiona! Kumuacha amalize kungechukua sekunde ishirini, na hizo kelele zenyewe zilichukua zaidi.

Kwa wengine ule mzunguko ndio raha yenyewe. Mwaka 2008 Sara Tucholsky wa Western Oregon, hii ni softiboli ya chuo, ile ya mpira wa kasi ambako kuzunguka ni lazima, alipiga hom rani ya kwanza maishani, akaipita besi ya kwanza bila kuigusa, alipogeuka kuirudia goti likaachia. Marefa wakasema wenzake wakimsaidia anatolewa, na akiingizwa mbadala inahesabiwa singo (baadaye ikajulikana kumbe mbadala aliruhusiwa kumalizia mzunguko). Mallory Holtman na Liz Wallace wa Central Washington, yaani wapinzani, wakambeba besi hadi besi, kila wakifika wanamshusha aguse na mguu mzima. Central wakafungwa 4-2. Watu walimbeba mpinzani mechi ya chuo, sisi wa ligi ya Alhamisi jioni tunashindwa kumvumilia mtu anayejikimbilia mwenyewe?

Ila nanyi wakimbiaji msijisahau. Ruhusa ya kukaa ni ya mpira uliovuka fensi, ukibaki ndani ya uwanja unakimbia na unagusa kila kitu. Halafu ligi nyingi zina kikomo cha hom rani kwa timu, mkishakimaliza inayofuata ni auti, yaani mpigaji anatolewa, sasa usije ukaanza kuzunguka na mikono juu wakati refa keshakutoa. Na kuna ligi zimejiandikia sheria zao, zinataka mzunguko kama kawaida, kwa hiyo kapteni amuulize refa pale pale wanaposalimiana kabla mechi haijaanza, na akishamuuliza aje atuambie na sisi, sio anakaa nayo kichwani mpaka mtu aitwe auti.