Hukou ya China imelegezwa kweli, ila sio pale wahamiaji walipo wengi

Kila China ikitangaza inalegeza hukou watu wanashangilia kana kwamba mambo yameisha, mi naona bado sana. Hukou ni usajili wa kaya, iliwekwa kisheria 1958, inasema we ni mtu wa wapi na huduma zako utazipata wapi, na mtoto anarithi ya mzazi hata kama kazaliwa mjini. Sensa ya 2020 ilikuta karibu 64% ya Wachina wanaishi mijini lakini wenye hukou ya mjini ni kama 45% tu, hapo katikati kuna watu zaidi ya milioni 200.

Hatua zimepigwa, tusibishe. 2014 walifuta ile tofauti ya hukou ya kilimo na isiyo ya kilimo, 2019 miji yenye watu chini ya milioni 3 ikaambiwa ifungue milango. Sasa shida ni kwamba ajira nzuri ziko Shanghai, Beijing, Shenzhen, na huko mgeni anapimwa kwa pointi: digrii, miaka uliyochangia hifadhi ya jamii, mambo kama hayo. Fundi ujenzi anayefanya kazi bila mkataba hana mchango unaoonekana popote, hizo pointi atazitoa wapi? Mwanae anaweza kusoma pale hadi darasa la tisa afu anarudishwa kwa bibi, tuseme jimbo la Henan, maana gaokao, mtihani wa kuingia chuo, kwa kawaida unaufanyia kule hukou yako iliko, na Henan wanaofanya mtihani huo kwa mwaka wanapita milioni moja, ushindani ni mkali. Hapo ndo panaponiuma, mtoto wa miaka 15 anatenganishwa na wazazi wake kisa karatasi.

Upande wa pili nao wana hoja. Shule za mjini zinajengwa na serikali ya mji kwa hela ya mji, na 2012 wazazi wenyeji wa Beijing na Shanghai walipinga waziwazi watoto wa wageni kufanya mtihani kwao, wakiogopa nafasi za chuo zitapungua. Afu kuna ardhi: wakulima wengi wenyewe hawaitaki hukou ya mji mdogo wakihofia watapoteza shamba na kiwanja cha kijijini, na hofu hiyo sio ya kijinga, kwenye mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 2008 wahamiaji kama milioni 20 walipoteza kazi na shamba ndo likawapokea. Sheria ya sasa inakataza kumlazimisha mtu aachie shamba ili apewe hukou, vizuri, ila imani haiji kwa siku moja.

Kwa hiyo mi siungi mkono kugawa hukou kwa wote kesho asubuhi, naunga mkono huduma zitenganishwe na hukou, tena waanze na shule. Tangu 2016 ruzuku ya elimu ya lazima inamfuata mwanafunzi anakosoma, lakini mishahara ya walimu na majengo bado mzigo wa mji, na sekondari ya juu haimo kabisa. Serikali kuu ibebe hiyo gharama. Wanaosema Shanghai itafurika wakumbuke wazazi wako pale tayari, wanajenga, wanapika, wanasambaza mizigo, wanaokosekana ni watoto wao.