Nimwambieje mtu kwamba ananukia?

Mwaka wangu wa kwanza Halifax, kule Kanada, niliingia kazini Ijumaa moja na gauni nililolilaza juu ya tenga usiku, chetezo chini yake, udi ukafuka mpaka ukaingia kwenye nyuzi, kama bibi yetu wa Ngamiani, Tanga, alivyotufunza. Nilijiona nimependeza. Haijafika saa nne, msimamizi akaniita pembeni. Akaniambia kwa upole kuwa kuna mwenzetu mwenye pumu, kwamba mle ndani watu hawajipaki manukato, na akaniomba nirudi nyumbani nikabadilishe nguo.

Ningeambiwa nimeiba nisingeona haya kiasi kile. Kwetu Tanga anayeambiwa habari za harufu yake ni mtu anayenuka. Kiswahili chetu kimeshakata shauri: kunuka ni aibu, kunukia ni sifa. Anayenukia na papo hapo anambana jirani yake kifua, huyo hatukumwekea kitenzi. Basi mimi nilichosikia ni "unanuka", nikaenda kulia chooni. (Bango la chupa ya manukato iliyopigwa mstari lilikuwepo mlangoni siku zote. Nilidhani linakataza wachuuzi.)

Halifax inajulikana miaka mingi kwa mambo haya. Ofisi na hospitali nyingi zinaomba watu waache marashi nyumbani. Nilianza kusoma vibandiko vya sabuni. Neno "parfum" peke yake linaweza kuficha makumi ya viungo, na sabuni iliyoandikwa kuwa haina harufu huenda imetiwa kitu cha kuifunika harufu tu. Ya kutafuta ni ile isiyotiwa manukato kabisa. Kilichoniuma zaidi ni karafuu. Umoja wa Ulaya mwaka 2005 ulianza kuwalazimisha wenye viwanda kutaja kwa majina viungo 26 vya manukato vinavyoleta mzio, na kimojawapo ni yujenoli (eugenol), kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake.

Miaka minane sasa, na sijui mwenye pumu yule alikuwa nani. Zamani niliona ni ubaridi wa wazungu. Siku hizi naona walimsitiri. Angekuwa kwetu, ofisi nzima ingejua, angepewa pole na habbasoda, na marashi yangeendelea palepale.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona. Nilipokuja likizo nilimpitia binti ya kaka yangu kazini kwake, mjini Tanga. Ana pumu tangu utotoni. Chumba cha watu sita, madirisha ya alumini yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, dada wa meza ya pili anajipulizia kila baada ya chai. Mwanangu akachukua simu, akatoka verandani akijifanya anaongea. Simu ilikuwa imezimwa. Pampu ilikuwa kwenye kiganja.

"Kwa nini humwambii?"

"Shangazi, nimwambieje mtu kwamba ananukia?"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria nyumba ya bibi. Asumini kichwani, ubani Alhamisi jioni, liwa, marashi ya mawaridi kwenye mrashi, yote yalikuwepo na hakuna aliyezimia, ila nyumba ile ilikuwa na ukumbi ulio wazi, ua nyuma na upepo wa bahari unaopita kati. Mwenye kifua kibovu alihamia barazani, basi. Sasa tumejifungia kwenye vioo kama watu wa Halifax wanaokimbia baridi, wakati sisi nje kuna joto na upepo wa bure, na tumebeba kila kitu cha uani tukakiingiza ndani. Jengo la kizungu tumelichukua, adabu yake tumeiacha bandarini.

Sheria tunayo, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya mwaka 2003. Lakini nani wa Tanga atakwenda kushtaki asumini? Marekani mfanyakazi mmoja wa jiji la Detroit alishtaki kwa ajili ya manukato ya mwenzake, na mwaka 2010 jiji likakubali kumlipa dola 100,000. Sitaki tufike huko. Bango nalo sidhani. Kwetu bango la namna hiyo lingesomwa kama matusi, na kila mmoja angejiuliza linamsema nani.

Tulichofanya ni kumtafuta mtu mzima wa ofisi ile, mama wa masjala anayeheshimiwa na wote. Mwanangu alimweleza faraghani. Mama yule akamngoja dada wa meza ya pili wakati wa kutoka, wakafuatana mpaka kituo cha daladala. Hakutaja harufu. Alisema, "Mwenzio kifua kinambana, tumsaidie. Chupa yako ibaki ya nyumbani, na dirisha lile tulifungue asubuhi." Dada wa watu alishtuka, akauliza kwa nini hakuambiwa mapema.

Umebaki ubani wa bosi, unaofukizwa kila Ijumaa mlangoni kabla wateja hawajaingia. Mama wa masjala amesema huo hauwezi. Ijumaa mwanangu anaingia kazini saa tatu.