Anayepanga Zamu za Usiku Aijue Saa ya Mwili

Ratiba za zamu zinazobandikwa ukutani katika wodi zetu hupangwa kwa kuangalia jambo moja: nani aliyepo wa kuziba pengo. Muuguzi anamaliza usiku, anapumzika siku moja, anaingia jioni, kisha asubuhi. Akisinzia anaitwa mvivu. Nasema anaonewa.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapokutana, kuna kikundi kidogo cha seli kinachoongoza saa ya mwili, yaani mzunguko wa ndani unaotupangia kulala na kuamka. Habari za mwanga hukifikia hasa kupitia seli chache za retina, utando wa nyuma ya jicho, zenye melanopsini, kemikali inayoitikia zaidi mwanga wa buluu. Wanasayansi David Berson, Samer Hattar na wenzao walizieleza seli hizo mwaka 2002. Zinaupokea mwanga zenyewe, bila kutegemea zile tunazotumia kuona, na ndiyo maana wapo vipofu ambao saa zao za mwili bado zinafuata jua.

Mwanga ukiingia, ncha za seli hizo za retina humwaga kwenye kikundi kile glutameti, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari, ikisindikizwa na peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, iitwayo PACAP. Glutameti hufungua milango ya seli, kalsiamu huingia, na jeni za saa, Per1 na Per2, huamshwa. Seli zilizopokea habari huzipasha nyingine, hasa kwa peptidi iitwayo VIP. Panya wa maabara waliozaliwa bila VIP, seli nyingi za saa yao hushindwa kwenda pamoja, na wengi wao kulala na kuamka kwao huvurugika.

Lakini kinachonigusa kuliko yote ni hiki: glutameti ni ileile, ila jibu la ubongo hutegemea ni wakati gani wa siku. Ikimwagwa mchana, saa ya mwili haisogei kitu. Ikimwagwa usiku wa mapema, saa inacheleweshwa. Ikimwagwa kuelekea alfajiri, inawahishwa.

Sasa mtazame muuguzi anayetoka kazini saa moja na nusu asubuhi, amekaa nyuma ya bodaboda, jua limemkabili usoni. Taa za wodi zilimpa labda luksi (kipimo cha mwanga) mia chache usiku kucha. Nje, hata kabla ya saa nne, mwanga unaweza kupita luksi elfu kumi. Mwili wake ulikuwa umeanza kujivuta taratibu kuizoea kazi ya usiku, na mwanga huo unaurudisha kwenye ratiba ya mchana. Saa tatu yuko kitandani, pazia limefungwa, amechoka hoi, na usingizi haumshiki. Hajakosea chochote. Ubongo wake umetii ujumbe uliopewa.

Kwa kawaida saa ya mwili husogea kama saa moja tu kwa siku. Kwa hiyo anayebadilishwa zamu kila baada ya siku mbili haizoei hata moja. Tena mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba saa ya binadamu, ikiachwa bila mwanga wa kuirekebisha, huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11 hivi. Huwa ndefu kidogo kuliko siku, na ndiyo sababu walio wengi ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Basi zamu ziende asubuhi, jioni, halafu usiku. Kuzipanga kinyumenyume ni kumtesa mtu bure.

Najua jibu litakalokuja: wauguzi hawatoshi. Ni kweli, na nalia nao. Ila kugeuza mpangilio hakudai kuajiri mtu hata mmoja; kunadai mpangaji akae na kalamu upya. Na si suala la uchovu peke yake. Tangu 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likarudia msimamo huo.

Walinzi, madereva wa mabasi ya usiku na wafanyakazi wa viwandani wako katika hali hiyohiyo, na wao hata wodi yenye matroni wa kumlalamikia hawana. Wote wapewe ratiba mapema, wajue wiki yao itakavyokuwa. Na baada ya usiku wa mwisho wapate siku mbili kamili za kupumzika, si ile moja ambayo nusu yake inaishia kwenye kulipia usingizi.