Marekani unaweza kuchoma bendera, ila angalia kwanza una makaratasi gani

Nikiandika tu kitu kuhusu watu wanavyokamatwa nyumbani Tanzania, haipiti saa moja anatokea chawa mmoja ananiambia "hata huko Marekani unakokaa watu wanakamatwa kwa kuongea, acha unafiki". Leo nimeamua niijibu hii hoja maana kusema kweli haijakosea yote, ila wanavyoitumia ndio wanaiharibu.

Nakaa Columbus, Ohio, nabeba boksi kwenye ghala kama wabongo wengi tu, siasa za huku nazifuatilia kwa sababu zinanigusa mpaka kwenye visa za ndugu zangu.

Tuanze na moto. Mwaka 1984 Warepublican wako Dallas kwenye mkutano wao mkuu wa kumpitisha Reagan tena, jamaa anaitwa Gregory Lee Johnson akachukua bendera ya taifa akaichoma mbele ya jengo la jiji. Texas wakampa mwaka mmoja jela na faini dola 2,000. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, 1989 akashinda kura 5 kwa 4, na mmoja wa wale majaji watano ni Scalia, mhafidhina kweli kweli aliyeteuliwa na huyohuyo Reagan, ambaye alikuwa anasema wazi kwamba ingekuwa yeye ni mfalme wachoma bendera wangekoma, bahati yao yeye sio mfalme. Bunge likatunga sheria nyingine haraka haraka, 1990 mahakama ikaifuta nayo.

Sasa njoo Rungwe, Mbeya, Julai 2024. Kijana mchoraji kachoma picha ya Rais Samia huku anaporomosha maneno makali, video ikasambaa, hakimu akampa miaka miwili au faini milioni 5 chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Watu wakachangishana mtandaoni wakamtoa, mwezi uliofuata familia yake ikasema katekwa. Na sio kwamba Katiba yetu iko kimya, ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni, imeandikwa vizuri tu. Sasa ukiishitaki serikali kwa hiyo ibara, unashinda wapi?

Hapo ndipo ninapowaonea wivu hawa watu. Wivu wangu uko kwenye mahakama, midomo yao waendelee nayo maana mingi inanichosha aisee.

Kuna kesi ya hapahapa Ohio naipenda na inanikera kwa pamoja. 1964 kiongozi mmoja wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, Clarence Brandenburg, aliita TV ya Cincinnati ije kupiga picha mkutano wao shambani, msalaba unawaka, matusi kwa weusi na Wayahudi ndio usiseme. Akahukumiwa, lakini 1969 Mahakama ya Juu ikafuta ile hukumu ikasema serikali haiwezi kumfunga mtu kwa maneno mpaka yawe yamelenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yawe na uwezekano wa kuuleta kweli. Mtu mweusi ukisoma hiyo damu inachemka. Ila subiri, 1982 kanuni hiyohiyo ndio ikawasaidia NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kule Mississippi, wafanyabiashara wazungu walikuwa wanawadai mamilioni kwa sababu weusi waligoma kununua madukani kwao. Na kuna mama mmoja, Eleanor Holmes Norton, mwanasheria mweusi, 1968 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kutetea kundi la wazungu wabaguzi lililozuiwa kufanya mkutano Maryland, akashinda, baadaye akaja kuiwakilisha Washington DC bungeni miaka na miaka. Kwetu wakili akimtetea mpinzani wake wa kisiasa hivyo, kabla ya saa sita mchana washasema kanunuliwa.

Lakini hao ni wa zamani. Wa sasa hivi hii hoja ya uhuru wa kuongea wameigeuza kuwa Simba na Yanga, penati ni halali ikiwa ya kwetu. Januari 2021 Twitter walivyomfungia Trump, Wademocrat wakasema ni kampuni binafsi bana inaamua inavyotaka, halafu huku serikali ya Biden inawabana Facebook kuhusu posti za korona, Zuckerberg mwenyewe, bosi wa Facebook, aliandika barua 2024 akasema walisukumwa. Warepublican wakalia miaka minne mizima kuhusu uhuru wa kuongea, Trump akaapishwa Januari 20, 2025 na siku hiyohiyo akasaini amri ya kuurudisha huo uhuru. Haya, Septemba akauawa Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina aliyekuwa upande wa Trump, tukio baya sana tena mbele ya umati wa wanafunzi, siku chache baadaye mchekeshaji Jimmy Kimmel akaongea kuhusu wanaokitumia kile kifo kisiasa, mwenyekiti wa FCC Brendan Carr, hiyo FCC ni kama TCRA yao, akatoa vitisho hadharani na kituo chake cha TV, ABC, wakamtoa Kimmel hewani. Wale wale waliolia miaka minne wakashangilia! Alirudi baada ya siku chache kwa sababu watazamaji walikuja juu, na hata seneta Ted Cruz, Mrepublican kabisa, alisema vile vitisho vya Carr ni vya kimafia. Cruz nilimpa saluti siku hiyo, na sijui kama nitampa tena.

Kwa hiyo chawa wana hoja? Nusu. Nusu yenyewe ni hii, Machi 2025 mwanafunzi wa Kituruki wa chuo cha Tufts, Rümeysa Öztürk, alikamatwa barabarani Massachusetts na watu waliovaa kiraia wamefunika nyuso, kosa la maana linaloonekana ni kwamba alishiriki kuandika makala kwenye gazeti la chuo kuhusu Gaza. Ile video niliiangalia nikasema hawa si wasiojulikana wetu hawa, wamefikaje huku! Wakampeleka mpaka Louisiana. Ila ndugu yangu, alikuwa na wakili, baada ya kama siku moja ilijulikana yuko wapi, na Mei jaji akaamuru aachiwe, akatoka. Ali Kibao wa Chadema alishushwa kwenye basi Septemba 2024 pale Dar, kesho yake akakutwa maiti. Usiniwekee hivi vitu viwili kwenye mzani mmoja.

Na uhuru wao una bei, na bei hiyo mara nyingi tunalipa sisi. Mji wa Springfield ni kama saa moja kwa gari kutoka hapa kwangu. Septemba 2024 Trump alisimama kwenye mdahalo akasema wahamiaji wa pale kutoka Haiti wanakula mbwa na paka wa watu, uongo mtupu, gavana wa Ohio ambaye ni Mrepublican mwenzake aliukanusha, shule zikafungwa kwa vitisho vya mabomu. Hakuna aliyeshitakiwa kwa kusema ule uongo na kwa sheria yao haikuwezekana. Siku zile hata sisi Waswahili tulikuwa Wahaiti, ukiingia dukani unaangaliwa vingine. Kwetu kuna kosa la taarifa za uongo, lakini nani amewahi kuona linamkamata mkubwa aliyedanganya? Linamkamata mwenye simu. Kwa hiyo bado nachagua la huku, kwa shingo upande.

Kazini sasa ndio usiongee kabisa. Ile Katiba yao inaibana serikali, bosi wa kampuni binafsi haimgusi, na Ohio bosi anaweza kukufukuza hata bila sababu. Baada ya kifo cha Kirk walimu, manesi, watu wa kila aina walipoteza kazi kwa posti zao, Makamu wa Rais Vance mwenyewe akahimiza watu wawapigie simu waajiri. Ghalani kwetu msimamizi alitukusanya akasema siasa muache kwenye gari. Tuliacha.

Mimi nina grini kadi tu, kibali cha kukaa, uraia bado, kwa hiyo kuhusu Gaza siandiki, kuhusu uhamiaji siandiki, wakili wangu kaniambia subiri uapishwe. Nikiapishwa nitaweza kumpiga spana yeyote kwa jina langu kamili, sawa, lakini uraia pacha Tanzania haupo, siku hiyo hiyo napoteza pasipoti ya kwetu, na nikiandika chochote kuhusu Dodoma wataniambia wewe Mmarekani inakuhusu nini.