Ndiyo, Nanukia Pilau

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro, lifti imejaa na kila mtu kainamia simu yake. Kijana mmoja wa ghorofa ya nne, yule wa suruali zinazoishia juu ya kifundo, akavuta pumzi mara mbili kama mtu anayetafuta mtungi wa gesi unavujia wapi. Kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Dada, mbona unanukia pilau?"

Lifti nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa kuwa nimelelewa. Hasira zilinipanda nilipofika mezani kwangu, zikakaa nami mpaka saa saba mchana. Na hicho chakula cha mchana, kwa taarifa yenu, kilikuwa wali maharage.

Kiswahili chetu kinatenganisha kunuka na kunukia, na kijana alichagua neno la heshima. Mdomo wake ulisema nanukia. Uso ulishasema nanuka.

Basi jibu langu, kwa kuchelewa siku nne, ni ndiyo. Nanukia pilau. Nilikuwa nimejipulizia Opium ya Yves Saint Laurent, ile iliyotoka mwaka 1977, wala si Black Opium, yule binti wa kahawa na vanila aliyeletwa mwaka 2014 akapewa jina la ukoo bila kupewa tabia ya ukoo. Ndani ya ile ya kale karafuu imo. Pilipili manga imo. Giligilani na mdalasini vimo. Kilichopungua ni mchele na nyama. Waliotunga manukato haya, Jean Amic na Jean-Louis Sieuzac, hawakuficha viungo chini ya maua. Waliviweka barazani, mgeni avikute kabla hajavua viatu. Kwa hiyo pua ya kijana ni nzima kabisa, nampongeza.

Si yeye wa kwanza. Miaka mingi nimekusanya maneno ya watu juu ya harufu hii, na kila mtu ana lake. Mwenzangu mmoja Mkatoliki aliniambia nanukia Ijumaa Kuu. Naye ana haki, maana manemane imo humo, na manemane haikuanzia Paris. Shoga yangu mwingine alinikumbatia kwenye harusi, akaruka nyuma ghafla na kushika shavu. "Mwenzangu, umenikumbusha kiti cha daktari wa meno!" Huyo naye yuko sahihi kuliko anavyodhani. Kinachoipa karafuu ukali wake ni eujenoli, na hiyohiyo eujenoli madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Bibi zetu walikuwa wakibana punje ya karafuu kwenye jino bovu kabla hatujajua kuna kiti kinacholala. Sasa mtu akiniambia nanukia jino, nitamkatalia vipi?

Pilau, jino, kanisa: yote nameza. Lipo moja ambalo sijawahi kulimeza, nalo lilikuja siku hiyohiyo ya lifti, mchana, kutoka kwa binti wa mapokezi aliyekuwa akijaribu kunifariji. "Usimjali, dada. Ni nzuri tu, ila ni harufu ya bibi."

Harufu ya bibi! Limekuwa tusi la kawaida siku hizi. Ukisoma maoni ya watu juu ya manukato yoyote yenye viungo, yale ya enzi za Tabu ya mwaka 1932, Youth-Dew ya 1953, Cinnabar ya 1978, utalikuta limekaa pale kama hukumu isiyo na rufaa. Ya bibi. Imekwisha. Kwani bibi kafanya nini? Kakopa hela za mtu?

Bibi yangu mimi ni wa Pemba, na ananukia karafuu kwa sababu moja tu: kazi. Mtu asiyewahi kukaa kwenye msimu hawezi kuelewa. Karafuu inachumwa ikingali mbichi, kabla ua halijafunguka, kishada baada ya kishada, na mkarafuu si mti wa kupanda kwa mzaha. Kila msimu wapo wanaoanguka. Zikishuka zinakuja uani, na hapo ndipo kazi ya wanawake inapoanza. Mnakaa chini usiku, taa katikati, mnachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, kule. Vidole vinageuka rangi ya kahawia na havitakati hata kwa sabuni ya mche. Asubuhi zinaanikwa juani kwenye majamvi, zinageuzwa, na wingu likitokea tu nyumba nzima inapiga mbio kuzikusanya, mwenye mimba na mwenye mtoto mgongoni, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa hushuka daraja, na daraja likishuka na ada ya shule imeshuka. Siku kadhaa hivyo, mpaka punje zinakuwa nyeusi zenye wekundu na kuvunjika zikibanwa. Harufu inaingia kwenye kanga, kwenye godoro, kwenye maji ya mtungi. Inaingia kwenye nywele. Bibi hakuwahi kujipaka. Alipakwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliona aibu juu ya harufu hiyo. Bibi alikuwa anatupeleka Unguja, naye alikuwa na kifurushi cha karafuu fundoni kwa ajili ya jamaa wa huko. Ndani ya boti tukakutana na wasichana wawili wa shule yangu. Mmoja akaziba pua kidogo tu, kwa ncha ya mtandio. Nikaondoka pale nilipokaa, nikajifanya naangalia bahari, nikahamia benchi la nyuma nikakaa huko safari nzima. Bibi hakuuliza. Tulipofika bandarini alinipa mkono kama kawaida, na mkono ule ulinukia karafuu.

Miaka kumi na kitu baadaye nimelipa hela nyingi, ambazo sizitaji hapa kwa sababu mume wangu anasoma, ili ninukie kile nilichokikimbia ndani ya boti.

Opium kwa Kiswahili ni afyuni. Jina lake jingine ni kasumba. Sikulipanga mimi, fungueni kamusi. Neno lilelile tunalomtupia mtu aliyelishwa fikra za wakoloni mpaka akalewa, ndilo jina la chupa yangu. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Karafuu ya bibi ilikuwa uvundo mpaka ilipopita Paris ikavalishwa chupa yenye sura ya vile vijaluba vya Wajapani, waliokuwa wakivitundika mkandani na kutilia dawa. Bibi naye ana kijaluba, cha tambuu. Hakuna aliyewahi kukipiga picha kwa ajili ya gazeti.

Kwa hiyo nikimkasirikia kijana wa ghorofa ya nne, najua nusu ya hasira inatoka wapi.

Nusu iliyobaki ni yake na haki yake. Kwanza, yeye mwenyewe hunukia keki. Hunukia vanila kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na vanila, kwa maoni ya ofisi yetu, ndiyo harufu ya kijana wa kisasa. Basi asikilize. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kwa miongo kadhaa, vanilini ya viwandani, ile inayoleta harufu ya vanila, ilitengenezwa kwa eujenoli iliyotolewa kwenye mafuta ya karafuu, kabla haijaanza kutengenezwa kwa mabaki ya miti kutoka viwanda vya karatasi. Na miaka hiyo wanaoongoza dunia kwa karafuu walikuwa nani? Unguja na Pemba. Mababu wa hiyo keki yako walichambuliwa uani kwetu, mdogo wangu, usiku, na wanawake wenye vidole vya kahawia.

Pili, alininusa wakati usio wake. Saa mbili kasoro nilikuwa na dakika kumi na tano tangu nijipulizie, na dakika kumi na tano za kwanza za Opium ni ganda la chungwa na viungo vikirukia mafuta ya moto. Hakuna anayehukumu pilau wakati bizari inakaangwa. Angenipitia saa nne angekuta asumini, na karnesheni, ua la kizungu lenye harufu ya karafuu kwa sababu eujenoli imo humohumo ndani yake (wao wanasema ua, sisi tunajua karafuu ikipitishwa kwa jina jingine). Angenikuta saa kumi jioni, jasho limekauka na kiyoyozi kimeshindwa, angekuta manemane na vanila vimelala juu ya ngozi, vimetulia, kama chumba kilichofukizwa jana. Hiyo ndiyo Opium ninayoipenda. Ile ya asubuhi ni mlango tu.

Mama mdogo ndiye aliyenionyesha hilo. Alikuwa anakaa Muscat, na akija kwa harusi anakuja na sanduku ambalo likifunguliwa watoto tunaitana. Utaratibu wake haukubadilika: buibui juu ya chetezo, udi unafuka, anaigeuza ndani nje mpaka ishibe. Kisha chupa ile ya wekundu wa damu ya mzee inatoka kwenye kitambaa. Mara mbili tu, moja kifuani, moja kwenye upindo wa ndani wa buibui. Kisha anakaa kitako nusu saa nzima anakunywa chai. Mtu akimhimiza kwamba bibi harusi anasubiri, anajibu, "Bado sijaiva." Akiingia ukumbini alikuwa ameiva kweli. Wanawake waliotoka kwenye singo wiki nzima, wenye vikuba vya asumini kichwani, waligeuza shingo kumtazama yeye.

Sasa yale ninayoyakubali, kwa shingo upande. Jina ni baya. Tangu walipolifanyia karamu kwenye meli ya matanga iitwayo Peking, bandarini New York, mwaka 1978, Wamarekani wenye asili ya China waliandamana kudai libadilishwe, na walikuwa na haki. Taifa lao liliteswa na kitu hicho, halafu mtu anakifanya pambo la wanawake. Halikubadilishwa. Mimi naitumia, na sina utetezi hapo.

Joto nalo. Mtu akijipulizia mara tano mwezi wa Januari, akapanda daladala ya Mbagala, huyo hajapaka manukato, kafanya uhalifu. Mara mbili inatosha. Mama mdogo alikuwa na hesabu yake.

Na ya sasa hivi ni nyepesi. Tuliowahi kunusa ya zamani tunaijua tofauti, na tunaisema kwa uchungu wa watu wanaozungumzia mpira wa zamani. Kuna sheria za Ulaya juu ya vitu vinavyowasha ngozi. Eujenoli ni mojawapo, lazima itajwe kwenye boksi, na watengenezaji wamewekewa mipaka ya kutumia vitu vya namna hiyo. Sawa, wenye ngozi nyepesi walindwe. Ila mimi nimelala kwenye godoro lililojaa karafuu utoto wangu wote na sijawahi kutoka hata kipele.

Mwaka juzi nilikwenda Pemba na chupa ya mama mdogo, ile ya zamani. Alinipa alipoanza kuumwa kichwa kwa harufu kali, na imebaki kidole kimoja. Nilikuwa na dhamira moja. Nilijipulizia mkononi, nikasubiri nusu saa kama nilivyofundishwa, kisha nikamwendea bibi barazani, nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo, nikamnyooshea kifundo cha mkono. Sikumwambia ni nini. Nilitaka anuse, anitazame, na tuelewane juu ya ile boti bila kuitaja.

Bibi alinusa. Akafumba macho, akanusa tena, polepole, kama anavyofanya kwenye gunia la mtu asiyemwamini.

"Karafuu zimo," akasema.

"Zimo, bibi."

"Lakini wametia na makonyo."

Nikacheka mpaka machozi. Nimesoma baadaye kwamba mafuta ya karafuu ya viwandani hutolewa mara nyingi kwenye makonyo na majani kwa kuwa ni rahisi kuliko punje, na pale Wawi kipo kiwanda kinachoitwa kwa jina hilohilo, Kiwanda cha Makonyo. Sijui chupa ile ilikuwa na ya wapi. Bibi ana uhakika.

Kisha akauliza bei. Nikamtajia nusu ya bei halisi. Akanyamaza, midomo ikicheza, na nikajua anaigeuza kwenye pishi za karafuu mbichi, pishi ngapi, wachumaji wangapi, usiku ngapi wa kuchambua. Alipomaliza hesabu akaurudisha mkono wangu mapajani mwangu, akaupigapiga.

"Na wewe ulikuwa unakaa benchi la nyuma," akasema.