Msaada wa masomo chuoni usingoje mpaka mtu adisko (aondolewe chuoni kwa kufeli)

Kwenye mlango wa ofisi ya mhadhiri wetu wa mwaka wa kwanza palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: kuonana na wanafunzi ni Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi. Selotepu yenyewe ilishaanza kugeuka njano. Nilipita mbele ya karatasi ile muhula mzima nikienda semina, na sikumbuki kumkuta mtu amesimama pale anasubiri zamu yake. Mimi nilikuja kubisha hodi mwaka wa pili, tena baada ya kupata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia.

Kila matokeo yanapotoka nasikia maneno yaleyale: msaada upo, wanafunzi ndio hawautafuti. Ni kweli upo. Vyuo vyetu vina washauri wa kitaaluma, vina semina, vina wakutubi, na mwaka wa kwanza unasomeshwa Stadi za Mawasiliano utake usitake. Ninachokipinga ni mpangilio wa kumwachia anayezama kazi ya kuogelea hadi ilipo boti.

Mtazame kijana aliyetoka shule ya kata. Miaka saba ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Sekondari lugha ikawa Kiingereza, lakini darasani mwalimu alieleza kwa Kiswahili, halafu akaandika notsi ubaoni kwa Kiingereza, na mwanafunzi akazinakili na kuzikariri. Alifaulu kwa njia hiyo, na alifaulu kwa haki, maana alifanya alichoambiwa. Chuoni anakutana na swali linalomtaka ajadili. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kujadili kunafananaje kwenye karatasi, naye anafanya anachokijua: anatafuta desa, zile notsi za kunakiliwa, anakesha, anapiga msuli, anamwaga yote aliyoyakariri. Akipata 31 anaamini kwamba hana akili.

Siku nilipobisha hodi nilikuwa na insha yenye wino mwekundu kurasa zote nne. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Kaa." Akasoma aya ya kwanza kimyakimya, akaifunika kwa kiganja. "Ulitaka kusema nini hapa? Niambie kwa Kiswahili." Nikamwambia, kwa sentensi mbili tu. Akasukuma kalamu kwangu: "Andika hicho hicho, kwa Kiingereza chako hicho hicho." Haikuchukua hata dakika ishirini. Nilitoka pale najua kwamba aya inabeba hoja, na kwamba ile hoja nilikuwa nayo kichwani muda wote. Ningejua hivyo mwaka mmodi kabla, nisingepata zile sapu.

Kwa nini sikwenda mapema? Kwa sababu bwenini kwetu anayekwenda kwa mhadhiri ni mmoja kati ya wawili: anayejipendekeza au kilaza. Sikutaka kuitwa jina lolote kati ya hayo. Aibu hii ni kitu halisi, na kuikemea kwenye wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya hakuiondoi. Dawa yake ni kupanga msaada kwa namna ambayo anayekwenda haonekani amekiri udhaifu.

Na namna hiyo ilishapatikana. Mwaka 1973, kwenye Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City nchini Marekani, Deanna Martin alianzisha utaratibu ambao badala ya kusaka wanafunzi dhaifu unatafuta kozi ngumu, zile zinazoangusha wengi. Mwanafunzi aliyeifaulu vizuri kozi hiyo anarudi kukaa kwenye mihadhara pamoja na wapya, kisha kila wiki anaongoza vikao ambavyo milango yake iko wazi kwa darasa zima. Anakuja wa A, anakuja wa D, na hakuna anayejua nani amekuja kwa sababu gani. Utaratibu huo ulienea nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo.

Sisi tunao tayari mwanzo wake. Nenda chuo chochote usiku wa kuamkia mtihani uone vikundi vya diskasheni chini ya taa, mmoja ameshika chaki, wengine wamekaa kwenye ngazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi kikundi kizima kimekosea mahali pamoja na hakuna wa kukirudisha njiani. Kipeni kikundi kiongozi aliyeivuka kozi hiyo, mpeni chumba na posho kidogo, kiwekeni kikao kwenye ratiba. Gharama ipo, lakini mtu akidisko gharama ni kubwa zaidi: deni la Bodi ya Mikopo linabaki palepale, digrii hana.

Halafu kuna suala la wakati. Vyuo vingi huweka alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Maana yake test ya kwanza ikishasahihishwa, idara inajua nani yuko hatarini wiki nyingi kabla ya mtihani. Mshauri wa kitaaluma amwite mwanafunzi hapo, kwa jina, wakae na karatasi yake mezani. Nilipokuwa chuoni, mshauri wangu nilimwona siku ya kusaini fomu tu.

Maktaba nayo inakaa kimya mno. Tangu 2002, mpango wa Hinari ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani umekuwa ukizipa taasisi za nchi kama zetu majarida ya kitaaluma ya afya bure au kwa bei ndogo, na baadaye mipango ya fani nyingine ikaongezeka. Sisi tulikuwa tunapanga foleni steshenari kutoa kopi ya desa lililofifia, shilingi hamsini kwa ukurasa.

Mwenzangu wa chumbani alidisko mwisho wa mwaka wa kwanza. Alikuwa mkali wa hesabu kuliko mimi, na ndiye aliyenifundisha takwimu kwa kutumia vifuniko vya soda. Sasa anauza vipuri vya pikipiki, na mwaka jana tulipokutana nilimuuliza kama aliwahi kwenda kwa yule mhadhiri. Akashangaa. "Ile karatasi ya mlangoni? Mimi nilidhani ni ya wale wa masta."