Jino la Maziwa Nalo ni Jino

Juzi kwenye matatu ya Free Area, hapa Nakuru, nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Mpeleke popote ang'olewe, si ni ya maziwa tu." Nilitaka kugeuka niseme neno, nikashindwa, nikashuka mjini na donge kooni. Hayo maneno niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Binti yangu alikuwa na miaka 5. Alianza kwa kutafunia upande mmoja. Halafu akaikataa chai ya moto, na usiku mmoja akaamka akilia, shavu limevimba. Nilipommulika kwa simu niliona kwenye ufizi, chini ya gego, kipele cheupe kama punje ya mchele. Shimo la gego hilo nilikuwa nimeliona miezi kadhaa kabla, na kliniki moja hapa Nakuru iliniambia nisubiri, litang'oka lenyewe. Nikasubiri.

Tukarudi palepale. Hakuna aliyemweleza mtoto chochote. Niliambiwa nimshike miguu, msaidizi akamshika kichwa, na sindano ya ganzi ikaingia angali anauliza, "Mama, wananifanya nini?" Waling'oa gego bovu, na jirani yake lililokuwa na kishimo kidogo wakaling'oa vilevile, eti tusije tukarudi. Majuma mengi baada ya hapo, akiuona mswaki tu alikuwa akitetemeka.

Sasa tuhesabu. Meno ya maziwa ni 20. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, lakini magego hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Ukimwambia mzazi wa mtoto wa miaka 5 asubiri gego ling'oke lenyewe, unamwambia mtoto aishi na maumivu na usaha karibu nusu ya utoto wake. Hakuna mtu mzima ambaye angekubali hilo kwa jino lake. Tena usaha ule unakaa juu ya jino la kudumu linaloumbika chini yake na unaweza kuliharibu kabla halijaota. Ukikimbilia kung'oa nako, gego la kudumu linaloota nyuma karibu na miaka 6 linaegemea kwenye pengo, na lile lililokuwa likingoja zamu yake linakosa pa kupita. Meno ya maziwa yanashikilia nafasi. Hiyo ni kazi, na mtoto anaihitaji miaka yote hiyo.

Ndiyo maana nasema, ukitafuta daktari wa meno wa mtoto, piga simu kwanza uulize jambo moja: mtoto wa miaka 5 akiwa na gego lililotoboka, huwa mnafanyaje? Anayejibu "tunang'oa" kabla hajaona mdomo, mshukuru utafute mwingine. Anayetaka kuona kwanza, anayezungumzia kuziba, kutibu kiini cha jino, kuvalisha gego kofia ya chuma, huyo mpelekee mwanao.

Yule tuliyempata baadaye, siku ya kwanza hakutibu chochote. Alimpa binti yangu kioo akishike. Akampulizia upepo wa mashine kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha akamwomba ruhusa apulize jino moja tu. Wakahesabu meno pamoja kwa sauti. Walipofika kwenye pengo binti yangu alinyamaza. Daktari akasema, "Hapa tunaruka," wakaendelea mpaka 18. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni nikilia.

Nakubali, yapo meno ambayo hayana budi kung'olewa. Nakubali pia kwamba mabingwa wa meno ya watoto ni wachache na kofia ina gharama kuliko kung'oa. Daktari wa meno wa kawaida mwenye subira anatosha kabisa, mradi jina lake liwe kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, ambayo unaiangalia mtandaoni bure.

Na msingoje maumivu. Mtoto aonwe anapoota jino la kwanza, au kabla hajatimiza mwaka.

Kwa wenzangu wa Nakuru: madoa ya kahawia kwenye meno ya kudumu mara nyingi ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu ya visima, hayatoki kwa mswaki. Kifungua mimba wangu anayo. Daktari asimwaibishe mtoto kwa ajili yake.

Binti yangu sasa ana miaka 7. Gego lake la kudumu lilipoota, daktari alimfungia waya wa kulinda nafasi ya yale mawili. Usiku nikimpiga mswaki naupitisha hapo polepole, na bado ananishika mkono mpaka nimalize upande ule.